Vijana Wetu Wasome Nini, na Wasome Wapi?

Tarehe 25 Oktoba 1961, majuma sita tu na siku chache kabla ya bendera yetu kupandishwa, vijana 14 waliingia katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, wakaketi kusoma sheria. Kumi na watatu walikuwa wanaume, na mmoja mwanamke, naye ni Julie Manning, ambaye baadaye akawa jaji na kisha Waziri wa Sheria. Chuo Kikuu hakikuwa na nyumba yake. Chama kilikiazima yake. Hivyo ndivyo elimu ya juu ilivyoanza katika nchi hii, chini ya paa lililotokana na michango ya wanachama, ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika.

Twaikumbusha habari hii kwa sababu kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, katika nyumba za wafanyakazi na wakulima wa nchi hii huulizwa swali moja lenye uzito mkubwa: kijana huyu akasome nini, na akasome wapi? Baba amerudi kutoka zamu ya usiku, mama amefunga genge, kijana ameshika karatasi yenye majina ya vyuo na fani, na hakuna nyumbani humo aliyewahi kufika Chuo Kikuu wa kumshauri. Uamuzi unaofanywa jioni hiyo utakatwa katika mshahara wa kijana kwa miaka mingi, kama mshahara huo atakuwa nao. Kwa hiyo si jambo dogo, wala si jambo la wasomi peke yao. Ni jambo la Chama.

HESABU ILIVYOKUWA

Tulipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alikuwa akisema kwamba tulikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Nchi yenye hesabu ya namna hiyo haiwezi kumwambia kila kijana asome apendacho. Kwa hiyo masomo yaligawanywa kwa mpango. Makerere, kilichoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, kilikuwa na udaktari na kilimo. Nairobi kilikuwa na uhandisi. Na Dar es Salaam ikaanza na sheria, kwa kuwa sheria haikufundishwa katika vyuo vile viwili. Mwaka 1963 vyote vitatu vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kijana wa Kitanganyika aliyetaka kuwa mhandisi alipanda gari moshi kwenda Nairobi, kama vile Mkenya aliyetaka kuwa mwanasheria alivyokuja Dar es Salaam.

Muungano huo wa vyuo ulidumu miaka saba. Tarehe 1 Julai 1970 kila nchi ikabaki na Chuo Kikuu chake. Sisi tulikwisha kuanza kujiandaa: kitivo cha udaktari kilianzishwa mwaka 1968, cha kilimo pale Morogoro mwaka 1969, na cha uhandisi mwaka 1973. Tazameni utaratibu huo: kwanza sheria, maana dola haiendeshwi bila sheria, kisha afya, kisha kilimo, kwa kuwa ndicho tulichokitegemea, kisha uhandisi. Haikuwa bahati nasibu. Serikali ilihesabu nafasi zilizohitaji watu, ikagawa fedha za masomo kwa kadiri ya hesabu hiyo, na kijana aliyelipiwa masomo aliweka sahihi kwamba atakwenda kulitumikia taifa kwa miaka kadhaa mahali atakapopelekwa.

Mwalimu aliwafananisha wasomi hao na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wanakijiji humpa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia kingine. Akila asirudi, amewasaliti. Mfano huo ulikuwa mzito, na haukupokelewa na wote kwa furaha. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 wakarudishwa makwao, na siku hiyo hiyo Mwalimu akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliona kwamba huwezi kumtaka kijana ajinyime huku mkubwa ameshiba. Somo hilo lingali na kazi hata leo, nasi tutalirudia mwishoni.

MILANGO ILIPOFUNGULIWA

Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Chuo kimoja kimezaa vingi. Kilimo pale Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Chuo Kikuu Huria kikaanzishwa mwaka 1992, kwa ajili ya watu wazima walio kazini. Katika miaka ya 1990 vyuo vikuu vya watu binafsi na vya madhehebu ya dini vikaruhusiwa. Mzumbe ikawa Chuo Kikuu mwaka 2001. Mwaka 2007 wakapatikana Dodoma, Ardhi na Muhimbili. Na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi, hata mtoto wa kuli akaweza kuingia chuoni bila baba kuuza kiwanja. Mwaka 1961 walikuwa 14. Sasa wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu ni zaidi ya 200,000. Anayesema kwamba hilo si jambo kubwa, huyo hakuiona nchi hii jinsi ilivyokuwa.

Lakini gazeti la Chama haliandikwi kwa ajili ya kupiga makofi tu. Yatupasa kuuliza: hao 200,000 na zaidi wanasoma nini?

Ukianzisha chuo, ziko fani ambazo gharama yake ni ukumbi, ubao, vitabu na mwalimu. Masomo ya biashara, ya utawala, ya jamii, ya sheria, na ualimu wa historia au wa jiografia ni ya namna hiyo. Na ziko fani nyingine ambazo huwezi kuzianzisha bila mashine, maabara, shamba la majaribio, karakana, au hospitali nzima. Huwezi kufundisha udaktari bila wagonjwa wa kuwatibu. Ndiyo maana vyuo vya udaktari vimejishikiza penye hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC. Vyuo vilipoongezeka upesi, fani za bei nafuu ndizo zilizoongezeka upesi zaidi. Chuo kinachoishi kwa karo hakiwezi kufanya vinginevyo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini matokeo yake ni kwamba kumbi zilijaa mahali ambapo ilikuwa rahisi kuzijaza, si lazima mahali ambapo taifa lilikuwa na upungufu.

Mwezi Juni 2014 wananchi waliona matunda yake kwa macho. Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70 za kazi. Watu zaidi ya 10,000 walijitokeza kusailiwa, na haikupatikana nyumba ya kuwatosha, wakapelekwa Uwanja wa Taifa. Vijana wenye shahada, wamevaa nguo zao nadhifu, wameketi juu ya viti vya watazamaji wa mpira, wakingoja kuitwa. Hatukusahau picha ile, wala haifai kusahaulika.

HARAKA HAINA BARAKA

Serikali haikukaa kimya. Ilisema kwamba mikopo iende kwanza kwa wale wanaosoma fani ambazo taifa linazihitaji zaidi: udaktari, uhandisi, ualimu wa sayansi na hisabati, kilimo na nyinginezo za aina hiyo. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ilifunguliwa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa. Mwaka 2022 ukaanzishwa ufadhili wa Samia kwa vijana waliofanya vizuri sana katika sayansi kwenye mtihani wa kidato cha sita. Nia hiyo twaiunga mkono kwa moyo wote. Nchi isiyo na wahandisi wake itajengewa madaraja na wageni, na itawalipa wageni hao kwa fedha za kigeni ambazo mkulima wa korosho na wa kahawa amezitolea jasho.

Hata hivyo tumekwisha kujifunza kwamba nia njema haitoshi. Tulipoona upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati, tulianzisha stashahada maalumu katika Chuo Kikuu cha Dodoma, ili vijana waliomaliza kidato cha nne wafundishwe upesi. Mwezi Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa mpango huo waliamriwa kuondoka chuoni. Baadaye wale walioonekana kuwa na sifa walipelekwa kumalizia katika vyuo vya ualimu. Lakini siku zile, vijana walioitwa na taifa lenyewe kuja kusoma sayansi walionekana katika vituo vya mabasi na masanduku yao vichwani. Kosa halikuwa kuwataka walimu wa sayansi. Kosa lilikuwa kutaka kuvuna kabla ya kupanda.

Maana mwanafunzi wa sayansi hatengenezwi Chuo Kikuu. Hutengenezwa kidato cha pili, siku anapoona kwa macho yake kemikali ikibadilika rangi ndani ya chupa. Mwishoni mwa mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichanga, wako wasomaji wetu waliotoa mifuko ya saruji, na wako waliobeba mawe. Kuta zikapanda. Leo twauliza, bila ya kumshtaki mtu: ndani ya kuta hizo mna nini? Maabara isiyo na vifaa wala fundi wake ni chumba tu. Na shule ambayo mwalimu wa hisabati ni mmoja kwa vidato vyote vinne haitampeleka mtoto wa mkulima kwenye mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, hata tutangaze mikopo ya namna gani. Mkopo humkuta aliyekwisha kufika mlangoni. Aliyepotelea njiani haumwoni.

JIRANI ZETU WAMEONA NINI

Uganda ilijaribu njia hiyo hiyo mapema kuliko sisi. Tangu mwaka 2005 Serikali ya nchi hiyo iliamua kwamba katika nafasi 4,000 inazozilipia kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma, sehemu tatu katika nne ziende kwa masomo ya sayansi. Kisha mwaka 2022 ikapandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi. Mwalimu wa historia, ambaye chumba chake cha darasa kimepakana na cha mwenzake, akabaki na sehemu ndogo ya fedha hizo. Mwezi Juni mwaka huo walimu wa masomo ya sanaa wakagoma.

Twalitaja jambo hili kwa heshima, kwa sababu ni la ndugu zetu, na kwa sababu lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mshahara una nguvu kuliko hotuba: ukitaka vijana wasome sayansi, waonyeshe kwamba sayansi humlisha mtu. La pili ni kwamba mfanyakazi hupima mshahara wake kwa kuutazama wa jirani yake. Ukimwinua mmoja kwa kumfanya mwenziwe ajione si kitu, umejenga ukuta katikati ya wafanyakazi. Sisi, ambao siasa yetu ni umoja wa wafanyakazi na wakulima, tusiifuate njia hiyo kwa pupa.

KUFULI LIKO WAPI?

Mapema mwaka 2017 Kenya ilikuwa na mgomo wa madaktari, nayo ikaomba madaktari 500 kutoka kwetu. Tulikubali. Mambo yalipokwama mahakamani huko Kenya, Rais Magufuli aliagiza wale 258 waliokwisha kuomba kwenda, waajiriwe hapa hapa nyumbani. Lilikuwa jambo jema, na watu wakashangilia. Lakini nyuma ya shangwe hiyo mlikuwa na swali ambalo halikuulizwa kwa sauti: madaktari hao 258 walikuwa wapi siku zote, ilhali zahanati zetu zinalia kwa kukosa waganga?

Walikuwa nyumbani, wakingoja ajira. Walisoma fani inayohitajiwa kuliko zote, kwa mkopo wa umma, wakafaulu, wakafika mwisho wa njia, wakakuta mlango umefungwa. Hapo ndipo tunapoona kwamba kufuli halipo katika mlango wa Chuo Kikuu peke yake. Kuna tofauti baina ya mahitaji ya taifa na nafasi zilizo katika bajeti. Kijiji chahitaji daktari. Hiyo ni haja. Nafasi yenye mshahara, nyumba na dawa za kufanyia kazi. Hiyo ndiyo ajira. Tukimwambia kijana asome kwa ajili ya haja, nasi hatukuandaa ajira, tumemwongoza kwenye deni.

Na deni hilo si la mchezo. Wafanyakazi wanaosoma gazeti hili wanalijua kuliko sisi, maana tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 aliyesomeshwa kwa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Siku ya Mei Mosi ya mwaka 2021, pale Mwanza, Rais Samia alitangaza kuiondoa ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilifanya deni linenepe mwaka hata mwaka, na wafanyakazi wakapumua. Kulipa deni ni haki. Fedha hizo ndizo zinazomsomesha mdogo wako, na asiyelipa anamnyang'anya mwenzake zamu. Lakini mlipaji naye ana haki ya kuuliza kama fani aliyoelekezwa kuisoma ilikuwa na kazi mwisho wake.

WANAOKWENDA NG'AMBO

Sasa tuwatazame wale wanaovuka bahari. Mwalimu mwenyewe, baada ya Makerere, alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya aliwakusanya vijana 81, akawapakia katika ndege moja kwenda Marekani. Mwaka uliofuata alikwenda Wangari Maathai, akasoma baiolojia huko Kansas, naye akarudi kuwa fahari ya Afrika nzima. Sisi pia tuliwapeleka vijana wetu Cairo, Moscow, Berlin na Peking. Mwaka 1960 Moscow ilifungua chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992, likarudishwa mwaka 2023.

Zamani zile wakubwa wa dunia walishindana kuwavuta vijana wetu kwa kuwalipia, kwa sababu walizitaka nyoyo zao. Leo wanashindana kuwavuta kwa sababu wanazitaka fedha zao. Tangu mwaka 1980 Uingereza humtoza mwanafunzi mgeni gharama yote ya masomo yake, na katika vyuo vingi vya huko karo za wageni ndizo zinazoziba pengo la karo za wenyeji. Duniani kote, wanafunzi wanaosoma nje ya nchi zao walikuwa karibu milioni 2 mwaka 2000; baada ya miaka ishirini walizidi milioni 6. Marekani peke yake ilikuwa na 1,126,690 katika mwaka wa masomo 2023/2024. Kati yao 331,602 walitoka India, ambayo mwaka huo iliipita China. Zaidi ya nusu ya wageni hao walisoma sayansi, hisabati, kompyuta na uhandisi.

Wahindi wale hawakwenda Marekani kusoma mashairi ya Kiingereza. Wamekwenda kuchukua ufundi. Wako watakaobaki huko, na taifa lao litapata hasara. Lakini wako watakaorudi, na wako waliokwisha kurudi wakajenga vyuo ambavyo sasa vinavuka bahari kuja kwetu. Novemba 2023 Chuo cha Teknolojia cha India, cha Madras, kilifungua tawi Zanzibar, la kwanza la vyuo vya aina hiyo nje ya India, likaanza na sayansi ya data na akili mnemba. Kijana wa Pemba anaweza sasa kuisoma fani hiyo akavuka maji kwa boti badala ya ndege. Huo ni mwendo tunaoupenda: mwalimu mgeni aje kwa mwanafunzi, badala ya wanafunzi mia kumfuata mwalimu.

Lakini wako vijana wetu wengi walioondoka kwa njia nyingine. Wamekosa nafasi ya udaktari hapa nyumbani kwa alama chache, au wameona nafasi ni haba. Akaja wakala mwenye karatasi nzuri, akawaambia kwamba huko Ulaya ya Mashariki, au Asia, au Khartoum, karo ni nafuu na mlango u wazi. Wazazi wakauza shamba. Vita vilipoanza Ukraine, Februari 2022, vijana wa Kitanzania walijikuta kwenye vituo vya treni wakikimbilia mipakani. Vita vilipoanza Sudan, Aprili 2023, Serikali ilipeleka ndege, ikawarudisha Watanzania 200, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Twaishukuru Serikali kwa kazi hiyo. Lakini tujiulize kwa nini walikuwa huko. Walikuwa huko kwa sababu fani ileile tunayoiimba kuwa ya kwanza kwa taifa ndiyo yenye milango myembamba kuliko zote nyumbani. Na aliyesomea udaktari nje akirudi, humngoja mtihani wa Baraza la Madaktari kabla hajaruhusiwa kufanya kazi ya mazoezi. Ndivyo ipasavyo, maana mwili wa mwananchi si uwanja wa kubahatisha. Mzazi na aulize mambo hayo kabla ya kuuza shamba.

WANAOKUJA KWETU

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miaka ya 1960 Mlimani palijaa wageni. Yoweri Museveni aliingia pale mwaka 1967. Walter Rodney, mwana wa Guyana, alifundisha pale, na ndipo alipokuwa mwaka 1972 kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilipotoka. Hawakuletwa na karo wala na majengo, maana majengo yalikuwa mapya na machache. Waliletwa na fikra zilizokuwa zikichemka katika nchi hii.

Leo wageni huja hasa kwa jambo moja ambalo hatukuazima kwa mtu, nalo ni lugha yetu. Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Watu hutoka China, Ulaya na Marekani kuja kujifunza kwetu. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba masomo ya sanaa ni anasa, na wakumbuke kwamba bidhaa pekee ya Chuo Kikuu ambayo dunia nzima haina budi kuifuata kwetu ni somo la sanaa. Na wakumbuke pia kwamba Chama hiki, siku kilipoazima nyumba yake, kiliiazima kwa wanafunzi wa sheria.

TUNASEMA NINI, BASI?

Wako watakaotuambia: mwacheni kijana asome apendacho, nchi si jeshi. Twawajibu kwa upole kwamba kijana huru wanayemsema ni mtoto wa nani? Mtoto wa tajiri huchagua somo. Mtoto wa mfanyakazi huchaguliwa na mkopo. Orodha ya vipaumbele inapobadilika, tajiri hana habari. Anayegeuzwa maisha yake ni yule aliyekuwa akiitazama orodha hiyo kama baharia aitazamavyo nyota. Ndiyo maana orodha hiyo yapasa kufanywa kwa uangalifu kuliko jambo jingine lolote katika elimu.

Kwanza basi, twataka hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwaka Serikali na itangaze, fani kwa fani, ni wangapi waliohitimu, ni wangapi walioajiriwa, na ni nafasi ngapi zinazotarajiwa katika miaka mitano ijayo, katika utumishi wa umma na nje yake. Hesabu hiyo isikae katika makabati ya Wizara. Ibandikwe katika ofisi za kata na za matawi, mahali ambapo baba aliyetoka zamu ya usiku anaweza kuisoma.

Pili, orodha ya fani za kipaumbele itangazwe kabla kijana hajachagua mchepuo wake wa kidato cha tano, wala isibadilishwe mpaka aliyeanza nayo amalize. Mtu hahamishi nguzo za goli wakati mpira uko hewani.

Tatu, ile maabara ya kata ipatiwe vifaa na fundi kabla ya kujenga jumba jingine la Chuo Kikuu. Mwaka 2021 tulikubaliana na Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya vyuo vikuu. Ni fedha nyingi, na zitalipwa na wananchi wote, pamoja na wale ambao watoto wao waliishia kidato cha pili. Haki yao ni kwamba njia ya kwenda juu ianzie kwao.

Nne, tunapompeleka kijana ng'ambo kwa fedha za umma, aende kwa lile ambalo halifundishwi hapa, aweke sahihi ya kurudi, naye akirudi akute kazi. Mkataba una pande mbili. Tukimdai msomi asile chakula cha kijiji akatokomea, nasi tusimwache akirudi na mzigo mabegani akute lango limefungwa na walinzi wamelala.

Na la tano ni letu sisi viongozi na wahariri. Mwaka 1966 Mwalimu alipowataka vijana wajinyime, alianza na mfuko wake. Leo tukiwaambia watoto wa wafanyakazi kwamba taifa lahitaji walimu wa fizikia wa vijijini, watatutazama watoto wetu wenyewe wanasoma nini, na wapi. Wakiwaona wako London wakisomea biashara, hotuba zetu zitakuwa upepo. Mfano hufundisha mahali ambapo maneno yamechoka.

Vijana wale 14 walikuwa na vitabu vichache, na jengo halikuwa lao. Walichokuwa nacho ni hakika kwamba nchi iliwangoja nje ya mlango. Mwanafunzi wa leo ana kompyuta, ana mkopo, ana vyuo vingi vya kuchagua, lakini hakika hiyo hana. Kumrudishia ndiyo kazi iliyo mbele ya Chama na Serikali yake, nasi tutaendelea kuidai kazi hiyo katika ukurasa huu mpaka ifanyike.